Kocha msaidizi wa riadha chuoni: jinsi ya kuianza kazi hii na kuikuza ukiwa Lubumbashi

Kila mwaka, masomo yanapoanza tena na mvua za kwanza zinapogonga mabati ya mitaa ya Katuba na Kenya hapa Lubumbashi, Kongo, hunijia vijana wawili watatu wakiuliza namna ya kuwa kocha wa riadha chuoni. Wengi wao walikimbia walipokuwa sekondari, wanaupenda mchezo kwa dhati, na karibu wote wanakitazama cheo cha kocha mkuu. Mimi huwaelekeza kwanza kwenye kazi ya msaidizi, kwa sababu mtu anaweza kuianza jioni ya leo, na kwa sababu ninaamini kwa moyo wote kwamba msaidizi mwenye kundi lake na daftari lake huifaa timu kuliko kocha mkuu aliye peke yake uwanjani na filimbi shingoni.

Nianze na jina la kazi yenyewe, maana huwachanganya wengi hapa kwetu. Ukisema chuoni kwamba wewe ni asistanti, watu wataelewa kwamba uko kwenye ngazi ya ualimu, miongoni mwa wale wanaosimamia mazoezi ya darasani chini ya profesa. Kocha msaidizi hahusiani na ngazi hiyo. Anaweza kuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mwalimu wa sekondari, muuguzi, hata fundi wa mgodini anayetoka kazini saa tisa alasiri. Kwa hiyo unapojitambulisha kwa uongozi wa chuo tumia maneno yote mawili, kocha msaidizi, kisha utaje mara moja kundi unalotaka kulishughulikia.

Suala la kundi ndilo kiini cha kazi hii. Riadha ni michezo mingi iliyokusanywa chini ya jina moja: mbio fupi, mbio ndefu, viunzi, kupokezana vijiti, kuruka juu, kuruka mbali, miruko mitatu, tufe, kisahani, mkuki. Hakuna binadamu anayeweza kuifundisha yote vizuri kwa saa mbili za jioni. Katika vyuo vya Marekani, ambako kazi hii ni taaluma kamili yenye mshahara, timu kubwa huwagawia wasaidizi makundi: mmoja mbio fupi na viunzi, mwingine mbio ndefu, mwingine miruko, mwingine mirusho, na kila mmoja huulizwa habari za watu wake tu. Kwetu mambo huwa tofauti. Kocha mkuu mara nyingi ni mkimbiaji wa zamani, timu nzima hupewa mizunguko ya kukimbia, na kijana mwenye mabega mapana aliyefaa kurusha tufe hubaki akihema nyuma ya wenzake mpaka anaacha kuja. Usiombe kumsaidia kocha mkuu katika kile anachokijua tayari. Angalia ni kundi gani halina mtu, ulichukue hilo, na ulishike kwa misimu miwili bila kuhama.

Ukiniuliza mimi, kundi la kuanza nalo ni mirusho au vijiti. Mirusho inadharauliwa kwa sababu watu hudhani vifaa ni ghali, na katika mji huu wa shaba na karakana, dhana hiyo inanisikitisha. Tufe la wanaume lina uzito wa kilo 7.26, la wanawake kilo 4. Chukua kipande cha chuma kwa fundi wa kukereza vyuma na umwambie akutengenezee duara la mfano wa mpira, lenye kipenyo cha sentimita 12.1, litakuwa karibu sana na uzito wa wanaume, na bado litakuwa ndani ya kanuni, ambayo inaruhusu kipenyo cha kuanzia sentimita 11 hadi 13. Kwa wanawake kipenyo ni karibu sentimita 9.9. Mwambie fundi aache chuma kidogo cha ziada, mpime kwenye mizani, kisha apunguze polepole. Uso wake uwe laini kabisa, maana ukwaruzo mdogo huchana ngozi ya shingo mahali tufe linapolazwa kabla ya kurushwa.

Vijiti ni rahisi zaidi, na ndivyo vilivyonifundisha kazi hii, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Kijiti rasmi kina urefu wa sentimita 28 hadi 30, mzingo wa sentimita 12 hadi 13, na uzito usiopungua gramu 50. Bomba la plastiki la maji machafu lenye kipenyo cha milimita 40, lile linalouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, lina mzingo wa sentimita 12.6. Likate kwa msumeno kwenye sentimita 29, usugue ncha zote mbili kwa msasa mpaka zisikwaruze kiganja, na utakuwa na kijiti cha mazoezi kisicho na kasoro. Mita moja inatoa vitatu.

Kisha upime eneo la kupokezana. Katika mbio za mara nne mita 100 eneo hilo lina urefu wa mita 30 tangu kanuni ilipobadilishwa mwishoni mwa mwaka 2017. Kabla ya hapo lilikuwa mita 20, likitanguliwa na mita 10 za kujipa mwendo, na bado ninakutana na makocha wanaofundisha kwa kipimo cha zamani. Linaanza mita 20 kabla ya mstari wa kila mita 100 na kuishia mita 10 baada yake. Kinachohesabiwa ni mahali kijiti kilipo, si mahali miguu ilipo. Anayepokea anasimama mwanzoni mwa eneo, halafu anahesabu nyayo zake kurudi nyuma, kumwelekea anayekuja, unyayo kugusa unyayo, na kuweka alama chini. Anza na nyayo 20. Anayeleta kijiti akifika kwenye alama hiyo, anayepokea anaondoka kwa nguvu zake zote bila kugeuza kichwa. Akifikiwa mapema mno, ongeza nyayo mbili. Asipofikiwa, punguza mbili. Rudia mpaka kijiti kibadilishe mkono ndani ya ile mita 10 ya mwisho, wote wawili wakiwa kwenye kasi kamili, na uandike idadi ya nyayo kwa kila jozi.

Alama hizo si za kudumu. Mwaka mmoja nilizipima asubuhi, hewa ikiwa imetulia, na alasiri tulipoingia mashindanoni upepo ulikuwa unavuma usoni kwa mkimbiaji wetu wa pili katika mnyoofu wa nyuma. Alichelewa kidogo tu, lakini wa tatu alikuwa ameshaondoka kwa alama ya asubuhi, na kijiti kilipokelewa nje ya eneo. Wasichana wanne waliokuwa wamejiandaa kwa miezi mitano waliondolewa kwa kosa langu, na niliwaambia hivyo siku ileile, mbele ya kocha mkuu. Tangu hapo alama hupimwa upya baada ya kupasha mwili moto, hata kama wanariadha wamechoka kunisikia nikilisema hilo.

Namna ya kujua kama kundi lako la vijiti linaendelea ni hesabu ndogo. Jumlisha muda bora wa mita 100 wa kila mmoja wa wanne hao, kisha utoe muda wao wa kupokezana. Tuseme jumla ni sekunde 46.4, nao wamekimbia 45.6, tofauti ni sekunde 0.8, maana yake wanapoteza muda mwingi mikononi, kwa sababu watatu kati yao hupokea kijiti wakiwa tayari kwenye mwendo. Kundi linalopokezana vizuri hupata tofauti ya sekunde mbili au zaidi. Mpe kocha mkuu namba hiyo kila mwisho wa mwezi. Haihitaji maelezo marefu, wala haimpendelei mtu.

Ila namba hizo zitakuwa bure ikiwa saa yako inakudanganya, na saa nyingi za jioni hudanganya kwa sababu moja: mpimaji aliyesimama kwenye mstari wa mwisho huibonyeza anaposikia mlio. Sauti huchukua karibu sehemu tatu za kumi za sekunde kuvuka mita 100, na mwanariadha anapewa zawadi ya muda ambao hakuukimbia. Tengeneza mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba upande mmoja, upake rangi nyeupe sehemu za ndani, na anayeanzisha mbio azigonganishe akiwa ameziinua juu ya kichwa. Wewe uanze saa unapoona weupe umepotea, usisubiri mlio. Muda wa saa ya mkono katika mbio za uwanjani huandikwa kwa sehemu za kumi, ukipandishwa kila mara: 11.43 inaandikwa 11.5. Ukitaka kuulinganisha na muda wa mtambo wa umeme katika mita 100 au 200, ongeza sekunde 0.24. Kocha anayefanya hivyo huonekana mkali mwanzoni, kwa maana wanariadha wake wote huwa wamepungua kasi ghafla; lakini siku wakisafiri kwenda kushindana mahali penye mtambo, muda wao hautawashangaza.

Kuna jambo jingine la kuandika pembeni ya kila matokeo yanayopatikana Lubumbashi. Mji wetu uko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na katika takwimu za riadha matokeo ya mbio fupi na miruko yaliyopatikana kwenye mwinuko wa mita 1,000 na kuendelea huwekewa herufi A, kwa kuwa hewa nyepesi humsaidia kidogo mkimbiaji wa mbio fupi na mrukaji. Upepo wa nyuma unaozidi mita 2 kwa sekunde nao huyafanya matokeo yasitambuliwe kuwa rekodi. Huenda huna kipima upepo; andika angalau kama ulikuwa wa nyuma, wa mbele au haukuwepo.

Kama chuo chako hakina uwanja wa riadha, uchore. Piga vigingi viwili katikati ya uwanja, umbali wa mita 84.39 kutoka kimoja hadi kingine, na kutoka kila kigingi uzungushe nusu duara kwa kamba ya mita 36.50, kisha uziunganishe kwa mistari minyoofu; mkimbiaji wa njia ya kwanza, anayepita sentimita 30 nje ya ukingo huo, atakuwa amekimbia mita 400 kamili. Eneo la mpira huwa jembamba mno kwa kipimo hicho, na hapo ni heri kuchora mzunguko wa mita 300 uliopimwa kwa uaminifu kuliko wa 400 uliokisiwa.

Daftari nililolitaja mwanzoni lina ukurasa mmoja kwa kila mwanariadha. Juu ya ukurasa kuna jina, mwaka wa kuzaliwa, kitivo, ratiba ya mitihani na namba ya mzazi. Chini yake, kwa tarehe, kuna alichokifanya, alichokipata, na neno moja kuhusu hali yake siku hiyo. Neno hilo moja ndilo muhimu kuliko yote. Mwanafunzi anayekuja uwanjani bila kula tangu asubuhi hatakuambia, lakini ukiona kwenye kurasa tatu mfululizo umeandika “mzito”, utajua kumuuliza taratibu kama nyumbani kuna bukari, yaani ugali. Nimewahi kusitisha mazoezi ya viunzi nikawagawia watu ndizi na karanga, na sikuona kwamba nimepoteza jioni.

Afya usimwachie muuguzi wa chuo peke yake. Malaria ndiyo inayotupotezea siku nyingi kuliko jeraha lolote, na kosa la kawaida ni kumrudisha mtu kwenye kasi kamili mara tu homa inapoisha. Mimi humpa wiki ya kutembea na kukimbia polepole baada ya kumaliza dawa, kisha wiki ya nusu ya kazi, na mtu akilalamika kifua au kizunguzungu anarudi kwa daktari. Katika miezi ya mvua, hasa alasiri, radi za huku kwetu Katanga hazina mchezo: ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo, toa watu wote uwanjani waingie ndani ya jengo, wala wasikae chini ya mwembe, na wasirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kiangazi cha Mei hadi Septemba ndicho chenye kazi ya kweli, ila asubuhi za Juni na Julai zina baridi inayochana misuli ya nyuma ya paja, kwa hiyo ongeza dakika kumi za kupasha mwili.

Kwa upande wa wasichana nasema waziwazi, na kwa uzito wote. Usibaki na mwanariadha peke yako chumbani, usimkande msuli bila mtu mwingine kuwepo, usimtumie ujumbe usiku, na usiwe na uhusiano wa kimapenzi na mtu unayemfundisha, hata kama ni mtu mzima na hata kama yeye ndiye aliyeanza. Mwombe mama mmoja, mwalimu au mwanariadha wa zamani, awe karibu na kundi. Wazazi wa mji huu wamesikia habari nyingi za kuumiza kuhusu viwanja vya michezo, na wana haki ya kukuuliza.

Utakutana nao mapema, kwa sababu kusajili wanariadha ni kazi ya msaidizi. Nenda kwenye mashindano ya shule za sekondari, usiangalie mshindi peke yake, uangalie pia aliyekuwa wa nne akiwa hana viatu. Kisha uende nyumbani kwao, mchana, ukiwa umevaa vizuri. Mara ya kwanza nilipokwenda mtaa wa Ruashi kumwombea binti ruhusa, baba yake aliniacha nizungumze robo saa kuhusu miruko mitatu, halafu akauliza, “Mwalimu, na mtihani wa serikali?” Sikuwa nimejiandaa. Siku hizi ninaanza na hilo: “Baba, mama, kwanza amalize sekondari, na wiki mbili kabla ya mtihani hatakanyaga uwanjani.” Usiahidi burse, yaani ufadhili wa masomo, ambayo chuo hakijaiandika. Karo ikipunguzwa au chumba kikitolewa, mzazi aoneshwe karatasi yenye mhuri.

Karatasi ni muhimu kwako pia. Katika chuo kimoja nilichokitumikia, niliahidiwa nauli kwa mdomo, na miezi minane ikapita bila kuiona, mpaka nikawa natembea kurudi nyumbani gizani. Kabla ya kuanza, omba barua ya uteuzi yenye jina la kundi lako, siku za mazoezi, muda wa makubaliano na kiasi cha posho, hata kiwe kidogo namna gani. Miaka ya mwanzo usiache kazi nyingine inayokulisha. Wakati huohuo ulitafute shirikisho la riadha kupitia ligi ya mkoa, uulize kozi ya ngazi ya kwanza ya ukocha, ile inayotambuliwa na World Athletics, shirikisho la dunia ambalo hadi mwaka 2019 liliitwa IAAF. Cheti hicho hakitakufanya kuwa kocha hodari, lakini bila hicho maombi yako nje ya mkoa hayatasomwa.

Kuhusu kocha mkuu nitasema machache. Usimpinge mbele ya wanariadha. Niliwahi kumrekebisha mrukaji wakati mkubwa wangu alikuwa amemaliza tu kumwambia kinyume, na kijana alibaki amesimama kwenye njia ya kukimbilia, hajui ni nani wa kumsikiliza. Subiri mazoezi yaishe, mkae, umwoneshe daftari.

Wapo wanaotazama mbali, na ninawaelewa. Gary Kikaya, Mkongomani aliyekuwa katika timu ya Chuo Kikuu cha Tennessee, alikimbia mita 400 kwa sekunde 44.10 huko Stuttgart mwaka 2006, na muda huo ulikuwa rekodi ya Afrika. Vyuo vya Marekani vimejipanga chini ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilichoanzishwa mwaka 1906, katika madaraja matatu, na daraja la tatu halitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Mwaka wao unaanza na mbio za nyika, unaingia ukumbini wakati wa baridi, unatoka nje Machi na kuishia Juni. Mwanariadha haruhusiwi kupewa zaidi ya saa 20 za mazoezi kwa wiki katika msimu. Kwa miaka mingi timu nzima ya wanaume ya daraja la kwanza iligawana nafasi 12.6 za ufadhili kamili na ya wanawake 18. Tangu msimu wa 2025 hadi 2026, vyuo vilivyokubali mfumo mpya wa kugawana mapato na wanariadha vina kikomo cha wanariadha 45 kwa kila timu badala ya hesabu hiyo.

Kwa anayetaka ukocha huko, cheo cha kujitolea kilifutwa katika daraja la kwanza mwezi Julai 2023, na mlango unaofaa zaidi kwa mgeni ni nafasi ya msaidizi anayesomea shahada ya uzamili, ambaye chuo humlipia masomo yote au sehemu yake na kumpa posho kwa kazi ya uwanjani. Atahitaji shahada ya kwanza iliyokamilika, Kiingereza kilichothibitishwa kwa mtihani, na barua ya kocha mkuu wake. Anayeandika barua hiyo akiwa na daftari lako mkononi ataandika mambo yanayoonekana.

Maombi yenyewe, ya hapa Lubumbashi au ya ng'ambo, yasizidi kurasa mbili. Usijaze maneno kuhusu bidii na upendo wa michezo. Taja kundi ulilolishika na misimu uliyokaa nalo. Kisha, kwa kila mwanariadha, bila kutaja jina lake, andika mchezo, matokeo ya siku ya kwanza, matokeo bora ya mwisho, tarehe zote mbili, aina ya saa iliyotumika na mwinuko wa uwanja. Wale ambao hawakuendelea waandike pia, pamoja na sababu unayoijua, iwe jeraha, malaria au karo.